Nusu pointi imekwenda wapi? Maneno machache kwa wanaofundisha kompyuta hapa Lubumbashi

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, mvua ikipiga bati la darasa mpaka tunaongea kwa kupaza sauti, binti mmoja wa darasa la tatu la humanite (sekondari ya juu) aliniita kwenye mashine yake. Shule iko Katuba, sekisheni ya biashara na usimamizi. Wanafunzi 42, kompyuta 9, na siku hiyo zilizokubali kuwaka zilikuwa 6. Binti alikuwa ameandika programu fupi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kutafuta wastani wa alama mbili. Ameingiza 14, ameingiza 15, na skrini inamjibu 14.000000.

"Prof," akaniambia, "nusu pointi yangu inaenda wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kwa mtoto anayesoma Kongo nusu pointi si jambo la mzaha. Nimeshaona watu wazima, wenye ndoa na watoto, wanasimama asubuhi nzima mlangoni kwa profesa kwa ajili ya nusu pointi. Nikamwambia, "Weka 2.0 mahali pa 2." Akaweka. Ikatoka 14.500000. Akatabasamu, nami nikaenda kwenye mashine ya pili nikijiona nimefundisha.

Wiki iliyofuata binti yuleyule ananiita tena. Safari hii ni programu ya kugawa faida ya duka kati ya ndugu wawili, na kosa ni lilelile. Hapo nikavuta benchi nikakaa. Nikamwambia aiache kibodi, anisimulie kwa Kiswahili mashine inafanya nini, hatua kwa hatua, kama anamsimulia mama yake jikoni. Akaanza: inachukua alama ya kwanza, inachukua ya pili, inajumlisha, inapata 29, inagawa kwa mbili, inapata kumi na nne na nusu. Nikamkatiza. Nikakusanya kalamu 29 za wenzake, nikawasimamisha watoto wawili, nikamwambia: wagawie, na ni marufuku kuvunja kalamu. Akagawa. Kumi na nne, kumi na nne, na moja mkononi mwake.

"Hii moja tunaifanyia nini?" akaniuliza.

"Mashine inaitupa."

"Lakini Prof, niliandika float!"

Ni kweli aliandika. Aliandika kwamba *jibu* litakaa kwenye kisanduku kinachokubali desimali. Lakini namba mbili nzima zikigawanywa katika C, ugawaji unafanyika kwanza, kwa sheria ya kalamu, na jibu likifika kwenye kile kisanduku nusu imeshatupwa zamani. Kisanduku kinaweza kupokea nusu, ila hakuna tena nusu ya kupokea. Ukiandika 2.0, unaiambia mashine kwamba leo hatugawi kalamu, tunagawa mafuta. Kwa hiyo hata tone linagawika.

Tangu hapo hajarudia kosa lile. Mimi nami nikajiwekea sharti ambalo nimelishika kwa miaka kadhaa sasa, sekondari na chuoni: mwanafunzi akishindwa kuisimulia programu yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, nahesabu kwamba bado hajaiandika. Hata kama inafanya kazi. Na zaidi kama inafanya kazi.

Nieleze nilivyofika hapo, maana mimi mwenyewe nilifundishwa kinyume.

Nilisoma informatika katika chuo kimoja cha hapa mjini, enzi za graduat, ile digrii ya kwanza ya zamani, kabla mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) haujaingia. Tulikuwa zaidi ya 200 kwenye auditori. Asistenti anaandika programu ubaoni, sisi tunanakili daftarini, akifuta tunalalamika, anaendelea. Silabusi ilikuwa ya kununua, na majina ya walionunua yaliandikwa kwenye karatasi ambayo kila mtu alijua ina kazi gani siku ya kudeliberate, yaani walimu wakikaa kuamua nani kafaulu. Mtihani ulikuwa wa karatasi. Nilipata 16 kwa 20 katika somo la C, na nawaapia, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa C kwenye kompyuta.

Kisha nikaenda staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye kampuni iliyokuwa ikifanyia migodi kazi za hapa na pale. Bosi akanipa laptopu, akanifungulia faili, akaniambia niongeze sharti moja tu. Nilijua cha kuandika. Nilichokosa ni mabano yaliyojikunja, yale ya kufungua na kufunga sehemu ya programu. Kwenye kibodi zetu za AZERTY, zenye mpangilio wa Kifaransa, la kufungulia unalipata kwa kushika AltGr pamoja na 4, na la kufungia AltGr pamoja na kitufe cha alama ya sawasawa. Hakuna aliyewahi kuniambia. Ubaoni lile bano lilichorwa kwa chaki, daftarini kwa kalamu. Nikazunguka ile kibodi kama mtu aliyeangusha funguo gizani, bosi amesimama nyuma yangu, hadi nikaomba ruhusa ya kwenda msalani nikampigia rafiki simu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na wa aibu: siku ya kwanza kabisa, fundisha kibodi. Dakika 20 zinatosha. Kwamba namba za juu zinataka Shift. Mabano ya mraba yako wapi. Alama ya reli (#) iko AltGr na 3. Kama mashine hazitoshi, chora kibodi kwenye katoni, kila meza na katoni yake, wabonyeze katoni. Watacheka, waache wacheke.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndipo penye mzigo.

Mtoto wa Lubumbashi akijifunza kuandika programu anabeba lugha tatu kwa wakati mmoja. Somo anapewa kwa Kifaransa. Mashine inamgombeza kwa Kiingereza. Na mawazo yake, pale anapokuna kichwa, yako kwa Kiswahili. Kati ya hizo tatu, ile anayofikiria nayo ndiyo iliyokatazwa mlangoni mwa darasa. Nilikuwa na mazoea hayo pia. Mwanafunzi akiniambia, "Prof, naandika vile uliandika ku tablo lakini inakatala," namjibu kwanza, "En français!" Anatulia, anatafuta maneno, hayapati, anakaa. Swali lake limekufa na kosa limebaki zima.

Siku hizi namwacha aulize hivyohivyo. Tukimaliza kuelewana, ndipo namwambia: haya, sasa niambie jambo hilohilo kwa Kifaransa, kwa sababu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haitakuuliza kwa Kiswahili. Na anaweza, maana sasa ana kitu cha kusema. Wapo wenzangu wanaoniona naharibu watoto. Nawajibu kwamba Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, haikuingia darasani kwa kuruka ukuta. Wengine hawaridhiki, na sijali sana.

Kwa upande wa Kiingereza cha mashine, tuna karatasi kubwa ukutani. Kila kosa jipya likitokea darasani, aliyelipata ndiye anayeliandika, na chini yake tafsiri tuliyokubaliana. Kompaila, ile programu inayoitafsiria mashine tulichoandika, ikisema "undeclared", ukutani imeandikwa: *umemtaja mtu ambaye hukumtambulisha*. Ikisema ilitarajia nukta-mkato: *umeondoka bila kuaga*. Na chini yake kwa wino mwekundu: *angalia pia mstari wa juu*, kwa sababu mara nyingi mashine inaonyesha mstari unaofuata, inagundua kwamba kuna kitu kilisahauliwa pale inapokutana na neno lisilotarajiwa. Karatasi ile ina makosa 17 hadi sasa. Nimegundua kwamba wanafunzi wanaisoma kuliko silabusi, labda kwa kuwa ina majina yao.

Kuna mahali nilianguka vibaya, nalo nalisema kwa sababu najua walimu wengi wako hapohapo.

Ukitaka kufundisha kubadilishana kwa vigeu viwili (majina yanayoshika thamani ndani ya programu), yaani a iwe na kilichokuwa kwenye b, na b kilichokuwa kwenye a, kila mtu anakwambia tumia vyombo viwili na cha tatu cha kusaidia. Nikaona hilo ni zuri kwetu. Nikaleta bidoni mbili, moja ya mawese, moja ya petroli (maji yenye rangi, jamani, sikuleta petroli darasani). Utabadilishanaje bila bidoni ya tatu? Darasa zima likaelewa mara moja. Nikajipongeza. Nikaenda nyumbani na bidoni zangu kwenye basi, abiria wananiangalia.

Kwenye jaribio nikauliza: a ina 7, b ina 3, tunaandika a ← b, sasa a ina nini, na b ina nini? Zaidi ya nusu ya darasa wakaandika: a ina 3, b *haina kitu*. Wachache wakaandika a ina 10.

Nilikasirika kwa muda wa kama dakika moja. Kisha nikaona kwamba wamejibu sawasawa kabisa, kwa bidoni. Ukimimina bidoni b kwenye a, b inabaki tupu, na kama a haikuwa tupu basi vinachanganyika. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Kompyuta haimimini. Inanakili. Inasoma kilichoandikwa b, inakwenda a, inafuta kilichokuwepo, inaandika kipya. Kule b hakuna kilichotoka.

Nikaacha bidoni, nikachukua vibao viwili vya kuandikia kwa chaki. Kila kigeu ni kibao chenye jina. Kusoma kibao hakukifuti. Kuandika kunakifuta. Nikiita "a inapokea b", mwanafunzi anakwenda kwenye kibao b, anasoma, anarudi a, anapangusa kwa kiganja, anaandika. Kile kiganja cheupe kwa chaki ndicho kinachofundisha. Mtoto aliyepangusa 7 kwa mkono wake mwenyewe hahitaji kuambiwa kwamba 7 imepotea na kwamba ingefaa kuinakili kwanza kwenye kibao cha tatu. Bidoni ningali nazo, tunachotea maji.

Na kwenye hilo "inapokea": usiwasomeshe wanafunzi alama ya sawasawa kama "sawa na". Mwalimu wa hesabu wa mlango wa pili amewaambia, na ni haki yake, kwamba a = a + 1 ni uongo. Ubaoni mimi nachora mshale, kama kwenye algoritimiki ya Kifaransa, na tunasoma kwa sauti: a inapokea a jumlisha moja. Wakifika kwenye C au Python wanaandika = lakini mdomoni wanaendelea kusema inapokea.

Pamoja na vibao, chombo changu kikubwa ni jedwali la kufuatilia. Hakina umeme, hakina mega za intaneti, hakina virusi. Naandika ubaoni:

jumla ← 0
n ← 1
WAKATI n < 5 FANYA
   jumla ← jumla + n
   n ← n + 1
MWISHO
ANDIKA jumla

Kabla ya chochote, kila mmoja aandike kwenye pembe ya daftari anavyodhani kitaandikwa nini, kwa wino, bila kufuta. Wengi wanaandika 15. Kisha tunachora safu tatu: n, jumla, na ya tatu "je, n < 5?" Mstari kwa mstari. n ni 1, ndiyo, jumla inakuwa 1. n ni 2, ndiyo, jumla 3. n ni 3, ndiyo, 6. n ni 4, ndiyo, 10. n ni 5, je 5 ni ndogo kuliko 5? Hapana. Tunatoka. Jibu 10.

Usiruke ile hatua ya kutabiri. Nimejaribu kufundisha jedwali bila kutabiri, na wanafunzi wanalijaza kama wanavyojaza fomu, bila kushangaa. Anayeona 15 yake imegeuka 10 anataka kujua nani kamwibia 5. Na ukiona mtu hata kwenye jedwali anapata 15, usimsahihishe upesi. Muulize aliposimama kwenye safu ya tatu. Karibu kila mara kosa liko pale, kwenye mlango wa kutokea kitanzini, ile sehemu inayorudiwa.

Nimeshaelewa, utasema, lakini kompyuta zenyewe? Umeme? Haya. Umeme wa bwawa la Inga unasafiri karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi, ukifika huku migodi inausubiri kwa mdomo wazi, na kinachobaki kinagombewa na sisi wengine. Mtoto akipiga kelele "kuran imeenda!" hakuna anayeshtuka. Mimi siandai tena somo linalohitaji umeme mwanzo hadi mwisho. Dakika 30 za karatasi kwanza, kisha mashine kama zipo. Umeme ukija mapema nauona kama bahati, ukikatika hautunyimi somo.

Baadhi ya masomo bora hayataki mashine kabisa. Chukua rejesta kubwa ya shule, yenye majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Mwanafunzi afikirie jina moja, wenzake walitafute kwa maswali ya "kabla au baada?" Wakianza ukurasa wa kwanza, wanaweza kuuliza mara 1,000. Wakifungua katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo, hawavuki mara 10. Nimeona darasa zima limesimama juu ya mabenchi kwa mchezo huo. Halafu wape rejesta isiyopangwa, wajaribu tena, wagundue wenyewe kwamba ujanja umekufa.

Rejesta hiyohiyo ina somo jingine, na hili nalipenda kupita kiasi. Sisi tuna nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (jina la pili la Kiafrika) na prénom (jina la ubatizo). Postnom tuliipata enzi za Mobutu, miaka ya 1970, majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku. Programu nyingi za kuendeshea shule zinazotoka nje zina nafasi mbili tu za jina. Waulize wanafunzi: postnom tuiweke wapi? Mmoja atasema tuibandike kwenye nom. Sawa, sasa tafuta kwa postnom peke yake. Haipatikani. Mwingine atasema tuiache. Sawa, sasa una watoto wanne wenye jina moja na karo ya mmoja imeandikiwa mwingine. Hapo umeanza kufundisha hifadhidata, na hujataja neno hifadhidata.

Simu pia zitumie. Kwenye darasa langu la chuoni wenye laptopu ni wachache, wenye simu za Android ni karibu wote. Pydroid 3 inaendesha Python kwenye simu bila intaneti ikishawekwa. Mmoja anapakua, wengine wanapeana kwa Xender. Kama unatumia fleshi, kaa ukijua kwamba fleshi iliyopita sekretariati tatu za kupiga chapa imebeba zaidi ya faili zako. Folda zikianza kugeuka kuwa njia za mkato, usizibonyeze.

Python, kwa njia, ina mtego wake wa nusu pointi. Mwanafunzi anaandika programu inayouliza namba mbili na kuzijumlisha. Anaingiza 5 na 5, anapata 55. Kinachoandikwa kwenye kibodi kinapokelewa kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa yanaungwa. Hapa nawakumbusha ngeli. Kiswahili sanifu kinagoma ukisema "kitabu yangu". Ki- inataka ki-. Kuna lugha za kompyuta zilizo kali namna hiyo, aina ya kitu ni lazima ilingane. Na Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho "kitabu yangu" inapita barabarani bila askari kuisimamisha, nakifananisha na JavaScript: ukijumlisha maandishi "2" na namba 3 haigombi, inakupa "23" na maisha yanaendelea. Python kwa jumla hiyo ingekugombeza. Wanafunzi wangu wakigombezwa siku hizi wanaambiana, "umekosea ngeli."

Jambo moja linalonikera, na nililiona nikiwa nimechelewa. Wanafunzi watano wakizunguka mashine moja, nani ameshika panya? Kaa nyuma ya darasa dakika kumi uangalie. Mvulana mmoja, yuleyule kila wiki, na wasichana wanasoma mgongo wake. Hata yule binti wa nusu pointi aliniita kwenye mashine kwa sababu siku hiyo wavulana wa kundi lake hawakuja. Sasa nina kengele ya simu, kila dakika 10 aliyeshika kibodi anatoka, na anayeamuru cha kuandika si anayeandika. Wavulana walinuna wiki mbili.

Chuoni mambo ni tofauti kidogo kwa sababu ya wingi wa watu, na kwa sababu ya ChatGPT. Tangu ilipotoka, Novemba 2022, TP (kazi za vitendo) zinazonifikia zimekuwa safi mno. Maelezo kwa Kiingereza kizuri, majina ya vigeu ambayo sijawahi kuyatumia darasani. Sikuandika tangazo la kukataza. Nilibadilisha tu namna ya kutoa alama: programu inabeba pointi 5, na 15 zilizobaki ni za mazungumzo ya dakika nne mbele ya meza yangu. Nachagua mstari mmoja. "Huu wa saba, unafanya nini? Niambie kwa Kiswahili." Kisha, "Nikiufuta, nini kitaharibika?" Kisha nabadilisha alama moja, < inakuwa <=, namwambia atabiri. Aliyetumia ChatGPT akaelewa, namwachia pointi zake zote, amesoma. Aliyeandika mwenyewe bila kuelewa (wapo, msidhani) anaanguka sawa na aliyenakili. Kwa watu 120 zoezi hilo linakula siku mbili nzima, na hakuna anayenilipa siku hizo. Nililifanya kwanza kwa hasira. Sasa nalifanya kwa sababu ndizo siku mbili ninazojua kwa hakika wanafunzi wangu wako wapi.

Kwa maprefe (wakuu wa shule) na wenye shule wanaoniuliza wanunue nini: msianze na kompyuta 20. Nunueni 6 nzima, betri yenye inveta inayoweza kuzishika kwa saa mbili, na mashine moja ya kuhifadhia Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, ili watoto wasome Wikipedia bila mega. Fedha inayobaki mpeni mwalimu. Nimeona chumba kizuri chenye mashine zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi, ufunguo unakaa kwa prefe, na prefe yuko safarini Likasi.

Mwalimu mwenzangu uliyesoma mpaka hapa, nakuachia hili. Lifanye kwenye karatasi, jedwali na safu zake, kabla ya kugusa simu. Ugawaji ni ule wa kalamu, kinachobaki kinatupwa.

x ← 20
y ← 0
WAKATI x > 1 FANYA
   x ← x / 2
   y ← y + 1
MWISHO
ANDIKA y

Ukishapata jibu, badili 20 iwe 1000, urudie. Utapata namba iliyo jirani kabisa na ile ya rejesta yetu ya majina 1,000, lakini si yenyewe. Wanafunzi wangu wa Katuba walibishana dakika 40 ile moja inayopungua imekwenda wapi.